Sabuni Isingoje Harufu ya Samaki

Kila yanapozuka maradhi ya kuhara katika mwambao wa Tanga, wenye ofisi na wenye chaki hutoa hukumu ile ile: wazazi hawana elimu ya afya. Hukumu hiyo ni nyepesi kutamka, na humwondolea mwenye kuitamka kila lawama. Lakini si ya kweli, na hapana budi ipingwe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini, vikundi kwa vikundi, mbele ya redio. Kwa majuma kumi na mawili walijadili malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Bibi wa leo wa Kigombe au Kipumbwi alikuwa msichana siku zile. Tangu Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi, wajukuu zake nao wamehubiriwa mpaka wamechoka. Muulize mama yeyote ugonjwa huo huambukizwa vipi. Atakujibu bila kusoma bango.

Basi kasoro iko wapi? Tazama chakula cha mchana katika nyumba ya kawaida, iwe Ngamiani mjini au Moa karibu na mpaka. Mgeni humiminiwa maji kwa birika, kwa heshima zote. Watoto, waliotoka kucheza mchangani, hutumbukiza vidole katika bakuli moja kwa zamu, na wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia. Sabuni haionekani. Sinia likishaondolewa ndipo sabuni inapoletwa, ili kuondoa mafuta na harufu ya samaki! Maana yake ni kwamba sabuni imo nyumbani na imekwisha kununuliwa, ila imepewa kazi ya kulinda pua badala ya tumbo. Wala wasicheke makarani na walimu, maana desturi hiyo imo pia katika nyumba zao, penye viti vya sofa na vyeti ukutani.

Ujinga wa kweli upo mahali pamoja, nao ni ile imani kwamba choo cha mtoto mchanga si uchafu. Mama huchimbia kidogo nyuma ya nyumba, au humwachia mtoto ajisaidie ufukweni, maji yakijaa yachukue. La hasha, ndugu zangu! Watoto wadogo ndio wanaougua kuhara zaidi, na choo chao hubeba vijidudu kama cha mtu mzima. Mayai ya minyoo ya tumbo hukaa ardhini miezi, hata miaka. Mabuu ya safura hayapendi mahali kama mchanga wenye unyevu na kivuli, yaani ule ule ulio chini ya minazi yetu, na hupenya katika nyayo za mtoto asiye na viatu. Tunawapa wanafunzi dawa ya minyoo, nayo ni kazi njema. Lakini mtoto aliyemeza dawa leo akirudi kucheza katika mchanga huo huo, huambukizwa upya.

Haki itendeke pia kwa wazazi. Vipo visima vya pwani vyenye maji ya chumvi, ambayo sabuni hata povu haitoi, na wapo akina mama wanaokwenda mwendo mrefu kwa ndoo moja. Mzazi wa huko asisomewe risala juu ya usafi na mtu aliyefungua bomba la mjini asubuhi. Lakini mikono ya mtoto haihitaji ndoo nzima. Dumu la lita tano lililotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyagia hufanya kibuyu chirizi, na sabuni hutungikwa pembeni kwa uzi. Maji hutiririka, na hakuna anayenawa katika uchafu wa mwenzake.

Wala tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa ofisi, kila stendi na kila soko palikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Hakuna aliyesubiri semina. Tulipoogopa kufa sisi watu wazima, ndoo zilipatikana kwa juma moja. Leo nyingi zimerudi stoo au zimepasuka, na mtoto wa darasa la kwanza hutoka chooni akaenda moja kwa moja kupanga foleni ya uji.

Mwalimu anayefundisha ubaoni kwamba tunawe mikono, na nyuma ya darasa hakuna tone la maji, anawafundisha watoto kwamba maneno ya serikali ni ya kujibia mtihani tu. Na mthibiti ubora anayepekua maandalio ya masomo, akasaini kitabu cha wageni akaondoka bila kufika chooni, amekwenda kukagua nini? Kamati za shule zikutane kabla ya mvua za masika, na ajenda ya kwanza iwe hii: kibuyu chirizi cha wanafunzi kiko wapi, na ni nani, kwa jina, anayekijaza maji kila asubuhi.