Baharia na Mchumba Wake: Uaminifu Hupimwaje?

Katika mijadala ya fasihi, baharia huhukumiwa kabla hajasikilizwa. Husemwa kuwa ana mpenzi katika kila bandari, ilhali mchumba aliyeachwa pwani ndiye anayetakiwa kuthibitisha uaminifu wake kwa kungoja. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Unamwonea mwanamke kwa kumtwika mzigo peke yake, na unamdhulumu mwanamume kwa kumwona kuwa hawezi kuubeba.

Enzi za majahazi, pepo ndizo zilizokuwa kalenda ya mapenzi. Kaskazi, iliyovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja; kusi, iliyoanza kuvuma Aprili, iliyarejesha kwao. Binti wa Kuwait au wa Sur alijua ni majira gani aelekeze macho baharini. Chombo kikikosa msimu, baharia alilazimika kukaa ugenini miezi kadhaa, hata kama moyo wake ulikwisha kufika nyumbani. Isitoshe, mabaharia wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walipata fungu la faida safari ilipokwisha, na madeni yao yakakatwa humo. Basi kuchelewa kwa baharia hakukuwa ushahidi wa usaliti.

Wapo watakaojibu kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo. Ni kweli kwamba baadhi ya mabaharia walioa katika bandari mbili. Hata hivyo, kosa la baadhi si sheria ya wote, na methali hueleza hatari tu; haitoi hukumu.

Tuutazame mfano wa karibu. Mnamo Machi 2012, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Naham 3. Mabaharia 26 walionusurika, wote kutoka nchi za Asia, waliachiliwa Oktoba 2016 na kupitishwa Nairobi wakielekea makwao. Kwa zaidi ya miaka minne, jamaa zao walingoja bila msimu wala tarehe. Katika hali kama hiyo, kumngoja mtu ni kuamini kwamba naye, huko alikofungwa, anangoja vilevile.

Hapa ndipo kiini cha hoja kilipo. Uaminifu si kazi ya anayebaki peke yake. Ni ahadi inayoshikwa katika ncha zote mbili, kama kamba ya tanga. Ncha moja ikiachwa, tanga halishiki upepo.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na shairi au hadithi ya baharia asiyerudi, asikimbilie kuuliza, "Je, mwanamke alistahimili?" Aulize kwanza ni nani, au ni nini, kilichomzuia mwanamume kurudi: upepo, deni, mateka au moyo wake mwenyewe. Majibu hayo manne hayafanani, na ni moja tu kati yake linaloweza kuitwa usaliti.