Zeze Si Uvivu

Nina ugomvi na watu watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu hapa Dodoma, na kwa kuwa hawatanialika kuzungumza nao, nausemea hapa.

Mpwa wangu alisomea kompyuta Chimwaga. (Wazee wenzangu, mkisikia Chimwaga mnakumbuka ukumbi wa mikutano ya chama, alikoteuliwa Mkapa mwaka 1995 kugombea urais. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza hapo 2007.) Kazi yake ni kuandika programu, na anaiweza. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi kubwa zaidi, aliulizwa nje ya saa za kazi hufanya nini. Akasema kweli: Jumamosi hupogoa mizabibu ya mama yake, Jumapili jioni hupiga zeze. Wakacheka. Mmoja akamweleza kwamba mwandika programu wa kweli akifika nyumbani huandika programu nyingine, maana hiyo ndiyo dalili ya wito. Kazi hakuipata.

"Mjomba," aliniambia, "nadhani zeze nitaliacha."

Ndugu msomaji, nani aliwahi kumwuliza daktari wa upasuaji amempasua nani Jumapili? Neno wito nalijua. Sisi walimu tulilishwa sana neno hilo, hasa mshahara ulipochelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Anayedai na zilizobaki ataje malipo yake, asijifiche nyuma ya wito.

Watanijibu kwamba kompyuta hubadilika upesi, na asiyejifunza kila siku huachwa. Nakubali. Basi ajifunze saa za kazi, kama sisi tulivyopelekwa mafunzo kazini na darasa likashikwa na mwenzetu.

Tena wanajidhulumu wenyewe. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Programu itakayomhesabia mkulima msimu mmoja itakuwa imekosea tangu mstari wa kwanza, na ni nani atakayeligundua kosa hilo, kama si kijana mwenye makovu ya mkasi wa kupogolea mikononi?

Huko Marekani yuko Donald Knuth, ambaye vitabu vyake juu ya sanaa ya kuandika programu vilianza kutoka mwaka 1968 na wataalamu wanaviheshimu hadi leo. Mzee huyo hupiga kinanda kama vile vya makanisani, tena alijijengea kimoja nyumbani kwake. Na hapa kwetu, Mwalimu Nyerere akiwa Rais wa nchi changa alitafsiri tamthilia za Shakespeare: ya Julius Caesar ilitoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Bao pia alicheza. Jopo lile lingemwona hana wito.

Lakini nami sina mikono safi. Nikiwa mwalimu mkuu nilimnyang'anya mwanafunzi zeze lake, kibuyu kilichowambwa ngozi, nikalifungia kabatini hadi mwisho wa muhula kwa kuwa hesabu zake zilikuwa mbaya. Hesabu hazikupanda. Niliyafanya hayo huku Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo huu huu, akilibeba zeze letu hadi majukwaa ya Ulaya. Yule kijana nilipomrudishia chombo chake alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Shukrani ile inanichoma mpaka leo.

Mwezi ujao mpwa wangu ana usaili mwingine. Mama yake anamsihi ajibu kwamba apendacho ni kompyuta tu, usiku na mchana. Mimi nimemwambia aseme kweli, ingawa najua si mimi nitakayekosa mshahara.