Filimbi apewe mkalimani

Asubuhi ya Agosti pale Bugeshi, Rwanda, mlima Karisimbi ukiwa umevua mawingu na Nyiragongo ikifuka moshi upande wa Kongo, si ajabu kijana wa miaka 16 kutoka ng'ambo, aliyekuja kujitolea kwa watoto wetu, akarudi kwao akisema safari ile imempa maisha mapya. Namwamini. Nisichokiamini ni nusu ya pili ya hadithi, ile tunayoisimulia sisi wenyewe, wazazi, wachungaji na wakuu wa shule: kwamba watoto wetu nao wamefaidika, au walau hawakupoteza kitu. "Bora wamekuja," tunasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwenyeji anapona ugonjwa gani?

Mwaka mmoja niliombwa kutafsiri katika kambi ya watoto wakati wa likizo, si mbali na barabara iendayo mpaka wa Kabuhanga. Wiki mbili, asubuhi hadi saa nane mchana: michezo, nyimbo, kuchora. Viongozi walikuwa vijana wanane wa kigeni, hata mkubwa wao hajafikisha miaka 18. Walikuwa wapole, tena wachapakazi, fulana za rangi moja, filimbi shingoni. Watafsiri tulikuwa wawili, mimi na binti wa hapo hapo aliyemaliza sekondari mwaka uliotangulia.

Siku ya pili niligundua kwamba mimi sina kazi. Kijana akipuliza filimbi, watoto walimtazama binti. Kijana akieleza mchezo kwa Kiingereza sentensi tano, binti alisema mbili kwa Kinyarwanda, akaongeza yake, na mchezo ukaanza, mara nyingine mchezo mwingine kabisa. Alijua nani kaja na mdogo wake mgongoni na hawezi kukimbia. Alijua nani amechelewa kwa sababu ya kuchota maji, maana huku mwamba wa volkano hunywa mvua yote na kwenda kuteka ni safari. Alijua mtoto gani asiulizwe mbele ya wenzake baba yake anafanya kazi gani. Swali hilo lilikuwamo kwenye karatasi ya kufahamiana. Kila lilipofikiwa aliliruka, wala hakumwambia mtu.

Ijumaa ya mwisho vijana walipewa vyeti vya uongozi. Binti alipewa fulana. Nikamuuliza kama angependa siku moja kuongoza kambi yake mwenyewe. Akacheka: "Kwani wiki mbili hizi nilikuwa nafanya nini?"

Kuna waliolia Ijumaa ile, watoto na wageni, na picha zikapigwa. Jumatatu watoto kadhaa walirudi uwanjani wakakuta pametulia. Huo ndio upotevu tunaosema haupo. Mtoto anayefundishwa kila likizo kushikamana na mtu atakayeondoka kabla hajajua kulitamka jina lake vizuri, naye hujifunza jambo.

Na tusidanganyane kwamba watoto wanajifunza Kiingereza. Serikali iliamua mwaka 2008 kiwe lugha ya kufundishia, na anayebeba mzigo huo mwaka mzima ni mwalimu wa darasa lililojaa. Wimbo wa wiki mbili haumpunguzii kitu. (Wimbo wenyewe, nakumbuka, ulikuwa wa "hakuna matata", wakiimbiwa watoto ambao Kiswahili wanachokijua ni cha wachuuzi kutoka Kibumba, ng'ambo ya mpaka, na wachuuzi wale matata wanayo tele.)

Sasa pindua safari. Binti huyu akitaka kwenda kuongoza watoto kwenye kambi ya kiangazi Marekani, kuna viza ya J-1 kwa kazi hiyo hasa. Sharti awe ametimiza miaka 18. Sharti ajue Kiingereza, lugha ya watoto atakaowalea. Atahojiwa, watatafutwa watu wa kumdhamini kwa maneno, na historia yake itachunguzwa. Siwalaumu. Ndivyo watu wanavyolinda watoto wao. Lakini mtoto wa Bugeshi tunamkabidhi kwa kijana wa miaka 16 asiyejua neno la Kinyarwanda, na cheti tunachomdai ni tabasamu.

Nitaambiwa nawachukia wageni. Hapana. Jirani na sisi, Mugongo, Mmarekani Rosamond Carr alifungua kituo cha yatima cha Imbabazi mnamo Desemba 1994, katika banda la kukaushia pareto. Alikuwa na miaka 82, na alikuwa ameishi Mugongo tangu miaka ya 1950. Kazi hiyo hakuiacha hadi alipofariki mwaka 2006. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee, na mama yule alilishika jembe miaka hamsini. Wa wiki mbili tunawaaga kabla halijatolewa hata ghalani.

Wala nchi hii haijakosa wa kujitolea. Kila mudugudu, yaani kijiji, una Inshuti z'Umuryango (marafiki wa familia) wawili, mwanamume na mwanamke, wanaofuatilia watoto wa majirani bila mshahara. Tangu 2013 wanaomaliza sekondari huenda urugerero, wakalitumikia taifa. Nguvu ipo. Inayokosekana ni posho, mipira, uji wa saa nne, na mtu mwenye mamlaka wa kumwambia binti yule: kambi ni yako.

Nauli ya kijana mmoja kutoka Marekani hadi uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, na kurudi ingemlipa binti kwa miezi. Najua jibu: fedha ile haitoki ila kijana aje mwenyewe. Basi tuseme wazi kwamba kinachouzwa ni safari ya kijana, na watoto wetu ni sehemu ya mandhari, pamoja na mlima. Mkuu wa shule anayepokea barua ya kuombwa uwanja ana haki ya kujibu kwa masharti. Kiongozi awe mtu wa Bugeshi, jina lake litangulie kwenye karatasi, alipwe kwanza, na kambi iendelee kila Jumamosi baada ya basi kuondoka. Mgeni akikubali hayo, karibu sana. Ashike kamba upande mmoja watoto waruke, abebe madumu ya maji, na filimbi ikipulizwa akaambiwa kwa Kinyarwanda akae chini, akae.