Kiwanja cha mtaa kikigeuka fremu, afya nayo inaondoka

SIMBA na Yanga zikikutana, Dar es Salaam inasimama. Vibanda umiza vinafurika, baa zinatoa viti mpaka nje, na kwa dakika 90 maelfu ya watu wanakaa kuangalia wenzao wakikimbia. Hakuna ubaya, ndiyo raha ya soka. Tatizo linakuja kesho yake, pale shabiki naye anapotaka kukimbia kidogo na kukuta mtaa wake hauna pa kukimbilia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo hazifiki hata mechi mbili. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanatakiwa kupata wastani wa dakika 60 kila siku. Pamoja na udogo wa kiwango hicho, takwimu za WHO zinaonyesha mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakukifikia. Matokeo yake yanajulikana kila nyumba: presha, kisukari na maradhi ya moyo.

Lawama huishia kwa mtu binafsi. Ataambiwa mvivu, ataambiwa apunguze chipsi. Ni kweli kila mtu ana sehemu yake, lakini mtaa nao una sehemu yake kubwa tu.

Manzese na Tandale, kwa mfano, watu wanatembea. Soko lipo karibu, kituo cha daladala kipo karibu, na shuleni mtoto anakwenda kwa miguu. Kinachokosekana ni nafasi. Nyumba zimebanana, na penye uwazi kidogo panagombewa na gereji, maegesho na fremu za maduka. Madogo wanapiga chandimu uchochoroni, mpira ukigonga bati la mtu mechi imeisha.

Pembezoni, kama Goba na Chanika, hali imegeuka. Ardhi ilikuwepo, lakini sehemu kubwa imeuzwa kipande kimoja kimoja, kila mtu akajenga ukuta na geti lake, na hakuna aliyekumbuka kuacha kiwanja. Duka liko mbali, barabara haina njia ya mtembea kwa miguu, hivyo hata safari ya dakika kumi inapigiwa bodaboda. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kutembea hatua za maana.

Wanaosema Watanzania hawapendi mazoezi waende Daraja la Tanzanite asubuhi au jioni. Tangu lilipozinduliwa mwaka 2022, watu wanakwenda kukimbia na kutembea pale. Njia pana na upepo wa bahari vimetosha kuwavuta. Waangalie pia vikundi vya jogging vya wikiendi, wanakimbia na filimbi na nyimbo zao huku wakigawana lami na daladala. Watu wako tayari, ila mahali ndipo hapapo.

Kwa upande wa soka hasara ni mara mbili. Mbwana Samatta, aliyetwaa tuzo ya CAF ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2015, ni mtoto wa Mbagala. Vipaji vya namna hiyo huanzia kwenye vumbi la mtaa, miaka mingi kabla ya kocha kuwaona. Kiwanja kikifa, klabu inapoteza straika wa kesho, na mtaa unapoteza afya ya wale mia wengine ambao wasingefika Ligi Kuu kamwe. Wasichana ndio wanaoumia zaidi, maana kiwanja kikiwa mbali mzazi hamruhusu binti yake kwenda.

Sasa hivi nchi inajiandaa kwa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha ulianza kujengwa uwanja wa mashabiki 30,000. Ni jambo zuri. Lakini uwanja huo mkubwa unachezesha watu 22 kwa wakati mmoja, wengine wote wamekaa. Kiwanja cha vumbi chenye magoli ya miti kinachezesha madogo jioni, maveterani Jumapili asubuhi, na katikati ya wiki timu ya shule. Kwa afya ya wananchi, hicho cha vumbi ndicho kinachofunga mabao mengi.

Kwa hiyo halmashauri zitoe ramani za mipango miji hadharani, mwananchi ajue eneo la wazi la mtaa wake liko wapi na linaishia wapi. Yawekwe bikoni na bango, na kusiwe na mabadiliko ya matumizi mpaka mkutano mkuu wa mtaa uambiwe na ujadili. Kule pembezoni ambako nyumba hazijajaa, kiwanja kitengwe leo. Kukinunua baada ya miaka kumi itakuwa kubomoa nyumba za watu na kulipa fidia.

TFF na vyama vya soka vya wilaya nao waorodheshe viwanja vyote vinavyochezewa ndondo na chandimu, kwa sababu kisichoandikwa popote ni rahisi kuuzwa. Matawi ya Simba na Yanga yamejaa wanachama wanaojua kuchanga na kujitokeza. Kila tawi likiamua kulinda kiwanja kimoja tu cha mtaa wake, kuweka magoli na kuhoji kila tofali linaloshushwa pale, wavamizi watapata kazi.

Utani wa jadi unaweza kuendelea kama kawaida. Kwenye hili, ukuta ukipanda katikati ya kiwanja, Simba na Yanga wote wamefungwa.