Trekta la Rangi Mpya? Mimi Siko

Mamangu akienda Marikiti hanunui manjano yaliyosagwa. Achagua mazima, avunja moja aone ndani, kisha asimama pale pale mpaka yasagwe mbele ya macho yake. Sisi tuliokuwa tukimbebea kapu twajua kwa nini: kitu kikishakuwa unga, huwezi kujua kimechanganywa na nini.

Sasa nisikizeni. Kuna mabeshte wangu watatu wauza mboga hapo hapo Marikiti. Wamechanga pesa wanunue trekta kuukuu, walipeleke Kwale wakodishe watu kulimia kabla ya mvua za masika. Wazo moto sana, naliunga mkono. Shida ni lile walilolipenda. Lang'aa kama limetoka kiwandani jana. Mimi kwangu hayo ni manjano ya kusagwa.

Ami yangu alinunua la namna hiyo. Jekundu, stika mpya, kiti kipya. Wiki ya tatu plau likakataa kuinuka. Msimu umeanza, wakulima washalipa arubuni, na trekta limekaa chini ya mwembe kuku watagia kwenye kile kiti kipya. Pesa za watu alirudisha kutoka mfukoni mwake.

Ningekuwa mimi, nachukua Massey Ferguson 135 la dizeli, rangi imebabuka, sawa tu. Ndiyo, lilianza kutengenezwa 1964, babu yako angeweza kuliendesha. Lakini injini yake ni Perkins ya silinda 3, haina kompyuta, na fundi wa mashambani aijua.

Ukienda kuliona, usipige simu kusema uko njiani. Fika, gusa injini. Ikiwa ina moto, kuna mtu ameiamsha mapema na ana sababu zake, rudi kesho. Ikiwa baridi, iwashwe mbele yako. Moshi mweupe kidogo mwanzo si neno. Wa buluu usiokwisha, injini yanywa oili. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nenda zako nyumbani.

Halafu kile kilichommaliza ami: haidroliki. Usiijaribu ikiwa baridi, itakudanganya. Funga plau, limeni nusu saa mpaka oili ipate moto, ndipo uinue. Plau likipanda kwa kutetemeka, au likishuka lenyewe na injini yanguruma, pampu au sili zimechoka. Muuzaji akisema hana plau wala shamba la kujaribia, tafuta wewe, hata kwa kukodi.

Mita yasema masaa 2,000 na pedali ya klachi imelika hadi chuma? Mmoja wao ni muongo, na si pedali. Tairi za nyuma zikiwa zimeisha, toa bei yake. Namba ya chesi ifanane na ya logibuku, la sivyo hata usikae kunywa soda yao.

Jumamosi wanaenda kulipa. Nimewaambia waende na fundi wetu, si yule ajaye na muuzaji. Mmoja kanijibu, "Lakini bro, hilo kuukuu halitoki vizuri kwa picha."