KREVETE WETU WASIMWAGWE MTONI

Wengi wenu mnapita mbele ya laboratwari kila siku, mnachungulia dirishani na kucheka: "Ba Bioshimi bako banafuga badudu!" Si wadudu. Ni krevete. Vitabu vya Kiswahili vinawaita kamba, lakini nikiandika kamba mtafikiri nataka kufunga mbuzi, basi niseme krevete kama tunavyosema sisi wenyewe.

Neno langu leo ni moja. Wiki iliyopita kilabu yetu ilikutana juu ya konji kubwa. Masomo yatafungwa miezi miwili, na katika akwariomu kuko krevete wengi kupita kiasi. Mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Tubamwange tu mu Ruzizi, bajitafutiye bo benyewe." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha nikaenda kusoma, na sasa nasema wazi mbele yenu wote: nilikosea, na waliopiga makofi pamoja nami walikosea vilevile.

Kwanza nieleze namna walivyozidi hivi, kwani kuna watu wanaofikiri tunawanunua. Walikuwa 10 tu. Ndugu mmoja aliyetoka Ulaya aliwaleta ndani ya chupa. Kwa elimu wanaitwa Neocaridina davidi, na asili yao ni mito ya China na Taiwan. Kule mtoni wako rangi ya matope, hawaonekani upesi. Wekundu huu tunaoupenda ni kazi ya wafugaji, waliochagua wale wekundu na kuwazalisha pamoja, kizazi kwa kizazi. Mkubwa wao ni sentimita 2 au 3, basi.

Mwanzo tuliua 4, sifichi. Tuliwatia katika maji mapya siku ileile. Maji yanayong'aa machoni si lazima yawe maji mazuri kwa krevete. Mavi yao na mabaki ya chakula yanatoa amonia, nayo ni sumu; lazima bakteria wakae kwanza katika mchanga na juu ya majani wapate kuigeuza, na kazi hiyo inataka majuma mengi. Maji ya robine nayo yana klore, kwa hiyo tunayaacha wazi katika ndoo siku nzima. Na shaba, hapana kabisa! Wanafunzi waliotoka Katanga watashangaa, lakini shaba kidogo tu ndani ya maji inawaua wote.

Baada ya kujifunza hayo kazi ilikuwa nyepesi. Jike anabeba mayai chini ya tumbo, 20 au 30 hivi, anayapepea kwa vijiguu vyake usiku na mchana. Baada ya majuma 3 au 4 watoto wanatoka wakiwa krevete kamili, sawa na mama yao ila ni vidogo sana. Kuna aina nyingine, kama wale wanaoitwa krevete wa Amano, ambao watoto wao hawakui pasipo maji yenye chumvi. Hawa wetu hawana shida hiyo. Baada ya miezi 2 au 3 watoto nao wanabeba mayai. Piga hesabu mwenyewe. Tunawapa lengalenga iliyochemshwa na jani kavu, na mara nyingine tunasahau, lakini hawafi, kwani wanakula ule utelezi wa kijani ulio juu ya mawe.

Sasa mwangalie vizuri. Mambo yaleyale yanayotufurahisha katika akwariomu ndiyo yanayoniogopesha mtoni. Mnyama asiyechagua chakula sana, asiyehitaji bahari kwa kuzaa, anayejaza chombo kabla ya mwaka kuisha! Kule Ujerumani, karibu na mji wa Köln, kuna kijito kinaitwa Gillbach, ambacho kinapata maji ya moto ya kituo cha umeme. Wanyama wa akwariomu walimwagwa mle, na krevete hawahawa wamekaa na kuzaa humo. Baridi ya mito mingine ya kwao inawazuia kuenea. Hapa kwetu Uvira, baridi gani itawazuia?

Mtu atasema: ziwa ni kubwa, kwenda chini ni mita 1,470, krevete 300 watafanya nini? Lakini Tanganyika iko na krevete wake tayari. Ni zaidi ya aina 10, wale wa jamaa za Limnocaridina, Caridella na Atyella, na hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sisi tunaooga mle hatujawahi hata kuwaangalia, kwa sababu ni wadogo na hawana nguo nyekundu. Tena mgeni hafiki peke yake. Krevete wa kufugwa mara nyingi anabeba viminyoo vyeupe juu ya kichwa, vinaitwa Scutariella. Tuliviona wenyewe kwa lupe.

Kule Indonesia, kisiwa cha Sulawesi, kuna ziwa Matano, nalo ni la zamani sana kama letu. Lilikuwa na krevete mzuri, mwekundu mwenye madoa meupe, Caridina dennerli. Wataalamu walimpa jina mwaka 2009. Samaki wa akwariomu wakaingia katika ziwa lile. Tangu mwaka 2013 krevete yule haonekani tena humo. Amebaki katika vioo vya watu, Ulaya na kwingine.

Rafiki yangu wa Bukavu alinijibu kwa nguvu: "Na sambaza je?" Ni swali la haki. Samaki yule, jamaa ya ndagala wetu, alitolewa Tanganyika akatiwa ziwa Kivu mwaka 1959, na leo Bukavu na Goma wanamla. Nami nikifika kule namla, tena sana. Lakini waliomhamisha walitafuta chakula cha watu, na hata hivyo kuna kidudu cha maji, Daphnia, kilichotoweka katika Kivu baada yake. Krevete wa sentimita 2 atamshibisha nani? Sisi hatutafuti chakula. Tunataka tu kwenda konji pasipo mzigo.

Basi maoni yangu ndiyo haya. Kila mwanakilabu anayekaa karibu achukue wachache nyumbani ndani ya bokali, pamoja na majani yao. Watakaozidi wapewe kuku wa mama mpishi. Ndiyo, inaniuma, nimewalea mwenyewe, lakini kuku anakula na mambo yanaisha. Maji ya akwariomu tusiyamwage mferejini, kwani kitoto cha krevete hakionekani upesi. Tuyamwage kwenye udongo mkavu nyuma ya jiko. Na tukirudi, tumwombe mwalimu wa biolojia atupeleke kwenye mawe ya ziwani, tuwatazame wale wa kwetu kwa lupe ileile.

Jumamosi saa nane kilabu itapiga kura tena. Bokali zangu mbili ziko tayari. Anayetaka krevete alete chupa yenye mdomo mpana, isiyonuka sabuni.