Mchoro Usomwe Kabla ya Sahihi

Kabla ya mfumo wa kompyuta kuundwa kwa ajili ya shule, hospitali au idara ya serikali, wataalamu huchora kwanza. Huchora visanduku na mistari kuonyesha ni mambo gani yatakayowekwa katika kumbukumbu na jinsi yanavyohusiana. Michoro hiyo ina kanuni zake, na ndiyo maana huitwa lugha. Ikiisha kuchorwa, hupelekwa kwa watumishi ili waitie sahihi. Watumishi hutia sahihi. Kama wameielewa, hilo ni jambo jingine.

Uchukuliwe mfano wa shule. Alama ndogo mwishoni mwa mstari unaounganisha mwanafunzi na mlezi yaweza kuwa na maana kwamba kila mwanafunzi ana mlezi mmoja tu. Mwalimu yeyote ajua kuwa sivyo: mtoto analelewa na bibi, mahitaji yake yanalipiwa na mjomba, na mama yake yu mji mwingine. Lau mwalimu angaliambiwa kwa maneno, angaliligundua kosa hilo mara moja. Kwa kuwa limefichwa katika alama, hulipitisha. Na siku mfumo unapokataa jina la pili, mwalimu huyo huyo ndiye anayeambiwa kwamba hapendi maendeleo.

Mambo hayakuanza kwa uzito huu. Mwaka 1976 Peter Chen alitangaza mtindo wake wa michoro, wenye visanduku kwa vitu na umbo la almasi kwa uhusiano, basi. Baadaye Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson waliunganisha mitindo yao kuwa lugha moja, UML, iliyopitishwa rasmi mwaka 1997. Kufikia toleo la pili, la mwaka 2005, ilikuwa na aina 13 za michoro! Mwaka 2013 Marian Petre wa Uingereza alieleza matokeo ya mahojiano yake na mafundi 50 wa programu: 35 kati yao hawakuitumia kabisa. Ikiwa mafundi wenyewe wameiweka kando, karani wa masjala atalaumiwa kwa lipi?

Mwaka 1989 Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali chombo kipya anapoona kinamfaa kazini na hakimsumbui. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanamhusu mtu mwenye hiari. Ofisini mtumishi hutimiza agizo, na sahihi yake huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Wako wanaosema dawa ni semina. Semina ya siku mbili haimfanyi mtu kuwa msomaji wa lugha ya alama. Njia bora zaidi imekuwapo tangu miaka ya 1970, katika utaratibu wa Mholanzi G. M. Nijssen: mtaalamu huanza na sentensi za kawaida za wenye kazi, pamoja na mifano halisi, ndipo achore. Kwa hiyo kila mstari hauna budi kusomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watumishi, nao walete majalada yao magumu kabisa wayajaribu katika mchoro. Siku za kazi hiyo ziandikwe katika mkataba, kama yanavyoandikwa malipo ya wataalamu.